Kung'uta Leso: Ninavyomfundisha Mrushaji wa Softiboli

Kwa miezi 8 nilimfundisha msichana mmoja wa Kayole kurusha mpira vibaya katika softiboli, mchezo wa kurusha mpira na kuupiga kwa gongo, naye alinitii kwa kila neno. Nilimwambia akimaliza kurusha ainue kiwiko hadi kimtazame mdakaji, yaani mwenzake anayeudaka mpira nyuma ya mpigaji. Akainua. Nilimwambia akunje kifundo cha mkono kwa nguvu pale anapouachia mpira. Akakunja, tena hadi nyumbani. Mama yake aliniambia mtoto anafanya zoezi la kifundo hata akiosha vyombo. Kasi ya mpira wake haikuongezeka. Kilichoongezeka ni maumivu ya mbele ya bega, na Jumamosi moja akaniuliza, "Kocha, ni lazima bega liume ndiyo mpira uende mbio?" Sikuwa na jibu. Nilisimamisha mazoezi yake siku hiyo, na wiki zilizofuata nikaanza kujifunza upya kitu nilichodhani nakijua.

Naandika haya kwa walimu wa michezo, wazazi, na vijana wanaojitolea kufundisha mabinti softiboli hapa Nairobi, kwa sababu kila nikizunguka viwanjani naona kosa langu lile lile likirudiwa na watu wenye nia njema kabisa.

Mrushaji wa softiboli hurusha chini ya bega, mkono ukizunguka duara zima ubavuni mwake. Mwanamke aliyekomaa hurusha kutoka mita 13.11, mpira ukiwa na mzunguko wa sentimita 30 hivi na uzito usiofika gramu 200. Mwaka 2012 Mmarekani Monica Abbott alirusha mpira uliopimwa kasi ya kilomita 124 kwa saa. Mpigaji aliye mbele ya mpira wa namna hiyo ana chini ya nusu sekunde ya kuona, kuamua na kupiga. Kifundo cha mkono ni kiungo kidogo chenye misuli midogo, hakiwezi kuzaa kasi hiyo. Kasi huanzia ardhini, hupanda mguuni, hupita nyongani na kiwiliwilini, huingia begani, na mwisho kabisa kifundo huwa mlango wa kutokea. Nilichokuwa nikifanya mimi ni kumwambia binti asukume mlango wakati nyumba haina mtu.

Binti yeyote aliyekulia kwenye ploti ya Nairobi ameshapandisha karai la nguo juu ya paa kwenda kuanika. Kabla ya kuitandaza leso kwenye waya, anaishika pembe mbili, anaitupa mbele, kisha anaukatisha mkono ghafla. Ncha ya leso inalia pa! Mlio huo hautokani na bidii ya ncha, maana ncha haina misuli. Unatokana na mkono kusimama. Mkono ukisimama, mwendo uliokuwamo unahamia kwenye kitambaa, na kwa kuwa ncha ni nyepesi kuliko mkono, inakwenda mbio kuliko mkono ulivyokwenda. Ukiendelea kuusukuma mkono mbele bila kuukatisha, leso inapepea tu na maji yanabaki humo humo.

Huo ndio mjeledi wa mrushaji. Sehemu ya mkono kuanzia begani hadi kwenye kiwiko ndiyo inayosimama. Kigasha, yaani kutoka kiwikoni hadi kifundoni, pamoja na kiganja na mpira, ndiyo leso. Siku hizi somo langu la kwanza halina mpira. Nakuja na ndoo ya maji na leso 2 kuukuu, kila mmoja anakung'uta hadi tusikie mlio, halafu nauliza: mkono wako ulikuwa unafanya nini leso ilipolia? Wachache hujibu mara moja. Wengi hukung'uta tena mara tatu nne, polepole, wakijitazama, hadi mmoja anasema kwa mshangao, "Ulikuwa umesimama." Nikishalisikia neno hilo kutoka kinywani mwa mtoto mwenyewe, kazi yangu inakuwa nyepesi kwa miezi inayofuata.

Jambo lililonichukua muda mrefu kuling'amua ni lugha ya saa. Kocha wa softiboli popote pale huueleza mzunguko wa mkono kwa uso wa saa. Ukimtazama mrushaji wa mkono wa kulia ukiwa upande wa besi ya tatu (besi ni vituo ambavyo mpigaji hukimbilia; ya tatu iko kuliani mwa mrushaji, ya pili mgongoni mwake), mkono unapokuwa juu kichwani uko kwenye 12, na unaposhuka kuelekea nyuma, upande wa besi ya pili, unapita kwenye 9. Hapo kwenye 9 ndipo mambo mengi huharibika au kutengenezeka. Basi nikawa nawaambia, "Mkono ukifika saa tatu, simamisha nikuone." Nusu yao walinyoosha mkono nyuma, nusu wakaunyoosha mbele kwa mdakaji. Wote walikuwa sahihi! Mshale unapokuwa kwenye 9 sisi tunasema saa tatu, lakini mtoto aliyesoma saa kwa Kiingereza darasani akisikia tatu anaitafuta namba 3, ambayo iko upande wa pili kabisa wa duara. Niliacha saa siku hiyo hiyo. Sasa nina majina matatu tu: sikioni, siniani, ubavuni. Kila mtoto anayaelewa, na hayana tafsiri mbili.

Sikioni ni mkono ukiwa juu, umepita karibu na sikio, umelainika, kiwiko kimekunjika kidogo sana. Mkono ulionyooka kama fito hauwezi kupiga mjeledi, kwa sababu hakuna kiungo kitakachochelewa. Siniani ni mkono ukiwa nyuma usawa wa bega, kiganja kikitazama juu, kama mtu aliyebeba sinia ya mandazi. Makocha wengi, nikiwamo mimi wa zamani, huwafundisha watoto waugeuze mpira utazame besi ya pili hapo, kiganja kikiangalia nyuma na chini. Ukifanya hivyo, umelifunga bega. Njia pekee iliyobaki ni kuusukuma mpira kwa mkono mzima hadi mbele na kumalizia na kiwiko kilichoinuka, yaani kile kile nilichomfundisha binti wa Kayole. Kiganja kikitazama juu, bega limefunguka, na kigasha kina nafasi ya kugeuka kuelekea ndani mkono unaposhuka. Kugeuka huko ndiko kunakotoa sehemu kubwa ya kasi.

Kutoka siniani kwenda ubavuni, kiwiko kinatangulia. Mpira unakifuata nyuma, umechelewa. Kiwiko kinafika mbavuni na sehemu ya juu ya mkono inatulia pale ubavuni; wakati huo huo upande wa ndani wa kigasha unausugua upande wa nyonga. Msuguo huo mdogo ndio unaoukatisha mkono, kama ulivyoukatisha ule wa leso. Kigasha kinaupita mkono wa juu, kiganja kinageuka chenyewe kuelekea ndani, mpira unaondoka karibu na nyonga. Baada ya hapo sitaki kuona kitu chochote kikipangwa. Kiwiko kibaki chini, mkono uanguke ulegee, kiganja kiishie kikitazama paja au ardhi. Ukimwona mtoto amemaliza na mkono umekwenda kushika bega lake mwenyewe kwa madaha, mkumbushe kwamba mpira ulishaondoka zamani. Mapambo ya mwisho hayaongezi kitu.

Kuna mtu atauliza: mtoto ataujuaje mwendo huu mgumu? Anaujua tayari. Mpeleke mahali watoto wanacheza ule mchezo wa kati, mtazame anavyomlenga mwenzake kwa mpira wa makaratasi na soksi. Anarusha juu ya bega, ndiyo, lakini tazama kiwiko chake: kinatangulia, mkono unafuata, mwisho vidole vinachapa. Hakuna kocha aliyemfundisha. Mwili ukiachwa ulenge shabaha bila woga hupiga mjeledi wenyewe. Wasichana wanaonijia baada ya kucheza raunda shule ya msingi ndio hupata taabu mwanzoni, kwa sababu kule walizoea kumrushia mpigaji mpira mpole kwa mkono uliokakamaa. Kwao natenga wiki 2 au 3 za ziada, na siwaharakishi.

Sugu kuliko yote ni woga wa nyonga. Mtoto akishajigonga mara moja, mkono anauweka mbali na mwili, na mjeledi umekufa. Mara nyingi kosa si la mkono. Anaifunga nyonga mapema, anageuka kifua kizima kwa mdakaji kabla mpira haujaondoka, na nyonga inakuwa imesimama njiani. Mwambie abaki nusu wazi, kifua kikitazama katikati ya mdakaji na besi ya tatu, hadi mpira uondoke. Hapo mkono unapata njia na nyonga inaguswa tu. Nimeliona hili zaidi kwa wasichana wa miaka 13 na 14. Aliyekuwa akirusha vizuri mwaka jana anarudi baada ya likizo ndefu mwili umebadilika, mpira unakwenda pembeni, naye anafikiri amepoteza kipaji. Hajapoteza kitu. Nyonga imepanuka na mkono bado unatafuta njia ya zamani. Mwalimu mwanamume, kama huoni raha kuliongelea hilo, mwombe mwalimu mwanamke aliongee, lakini liongelewe. Msichana asiachwe peke yake na aibu ya kitu ambacho ni hesabu ya mwili tu.

Mguu wa mbele nao ni mkono wa pili wa leso, maana ukitua na kukaza, mwili mzima unakatishwa na mwendo unapanda juu. Hapa tuna tatizo letu la Eastlands, mitaa ya mashariki mwa Nairobi: udongo mweusi. Mvua za Aprili zikishika, mrushaji anatua, anateleza, na mjeledi unamwagika kabla haujafika begani. Tulinunua vipande vya zulia kuukuu, kimoja cha kusukumia na kimoja cha kutulia, tukavipigilia misumari mirefu pembeni. Siku ya matope mengi hatuzunguki duara zima kabisa. Tunasimama wima, tunaanzia siniani, tunarusha ukutani kutoka mita 3.

Kwa kweli hata jua likiwaka, nusu ya mazoezi yetu ni hayo ya mita 3. Karibu namna hiyo mtoto hana haja ya nguvu, na pasipo haja ya nguvu mkono unalainika. Zoezi jingine ninalolipenda ni la soksi: chukua soksi ndefu ya shule, tia mpira wa tenisi, funga fundo, mtoto ashike ncha na kuzungusha. Akiusukuma mkono, soksi inamfuata kivivu. Akiukatisha ubavuni, soksi inaruka mbele kwa kishindo. Soksi inamsahihisha kabla sijafungua mdomo. Mrekodi pia kwa simu, mwendo wa polepole, ukiwa upande wa besi ya tatu, halafu mtazame pamoja picha moja tu: ile ambayo kiwiko kimefika mbavuni. Mpira uko wapi? Ukiwa bado nyuma ya kiwiko, yuko sawa. Ukiwa umelingana na kiwiko au umekipita, anasukuma. Msimwoneshe makosa sita kwa wakati mmoja.

Neno kifundo nimelifuta uwanjani kwangu. Kifundo kikiachwa legevu kitachapa chenyewe. Kikiamrishwa, kinakakamaa, na kigasha kizima kinakakamaa nacho.

Kuhusu maumivu naomba mnisikilize vizuri. Wengi wanaamini kurusha chini ya bega hakuumizi, hivyo mrushaji mmoja anapewa mechi zote za siku. Si kweli. Bega na msuli wa mbele wa mkono hubeba mzigo mkubwa katika mzunguko huu, usiopishana sana na wa mtu anayerusha juu ya bega. Watu hunitajia Yukiko Ueno wa Japani, aliyerusha mara 413 kwa siku 2 kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008 na kuipa nchi yake dhahabu. Namheshimu sana, na mwaka 2021 akiwa na miaka 39 alishinda tena Tokyo. Lakini alikuwa mtu mzima aliyejengwa kwa miaka mingi. Msichana wa miaka 12 aliyekuja uwanjani na chai ya rangi tumboni si Ueno. Kwangu, mtoto wa umri huo harushi kwa nguvu zake zote zaidi ya mara 50 kwa siku, na akilalamika sehemu ya mbele ya bega tunaacha hapo hapo, hata fainali iwe imebaki ingizo moja, yaani zamu moja ya kila timu kupiga. Maumivu yakidumu baada ya wiki ya mapumziko, anakwenda kwa daktari wala si kwa mkandaji.

Binti wa Kayole alipumzika wiki 6. Aliporudi tulianza na leso, kisha soksi, kisha ukuta, na kwa miezi 2 sikumruhusu kusimama mbali na mdakaji. Kuvunja mazoea niliyomjengea mwenyewe kulikuwa kugumu kuliko kumfundisha mtoto mpya, na akichoka kiwiko kilikuwa kinapanda tena. Nilichokuwa nikingojea ni sauti: ule mchakacho wa mkono wa sweta ukiisugua suruali kabla tu mpira haujaondoka. Niliusikia kwanza siku moja ya Julai, baridi kali, mara moja tu. Wiki iliyofuata mara 5. Mwezi uliopita mama yake alinijia baada ya mazoezi akiwa ameishika suruali ya michezo ya mwanawe, imechakaa upande wa kulia tu, hapo nyongani, kitambaa kimebaki wavu. Akaniuliza mtoto huwa anaanguka wapi. Nikamwambia, "Mama, haanguki. Mshonee kiraka, na ukipata kitambaa kigumu soko la Gikomba nunua cha viraka viwili."