Popo wa Darini: Usiwazibie Kabla ya Watoto Kuruka

Kila magharibi, katika nyumba yetu ya Wete, kisiwani Pemba, popo wadogo huchomoka mmoja mmoja kutoka kwenye ukingo wa bati. Hawa si wale popo wakubwa wala matunda wanaofuatwa na wageni kule Kidike, hifadhi ya popo hapa Pemba. Hawa hula wadudu, mmoja ana uzito wa gramu 10 hivi, na huwinda gizani kwa kutoa sauti tusizozisikia na kufuata mwangwi wake. Wala hawana uhusiano na hofu ya Popobawa, jini aliyesemekana kuwavamia watu usiku, iliyotukosesha usingizi mwaka 1995.

Masika moja, nilipochoshwa na harufu ya kinyesi chao, nilimwita fundi azibe tundu kwa saruji usiku, popo wakiwa wametoka, nikiamini kwamba hakuna atakayedhurika. Kumbe mama popo huwaacha watoto darini anapokwenda kuwinda. Tulisikia vilio vyembamba juu ya vichwa vyetu hadi vikanyamaza, kisha ikaja harufu mbaya kuliko ile ya kwanza. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Kwa hiyo, ukitaka kuwahamisha, chungulia kwanza mchana kwa tochi. Ukiona vitoto visivyo na manyoya, subiri wiki kadhaa mpaka viweze kuruka. Halafu ning'iniza juu ya tundu wavu laini wa plastiki, kama ule wa madirishani, uliobanwa juu na pembeni lakini ukaachwa wazi chini, ukishuka kiasi cha nusu mita chini ya tundu. Popo hutambaa chini yake na kutoka, ila wakirudi hawaoni njia ya kuingilia. Uache kwa wiki nzima, ndipo uzibe. Sumu usiitumie kabisa, kwa sababu popo aliyelishwa sumu huanguka uani, mahali ambapo watoto humwokota.

Popo aliyeanguka asishikwe kwa mkono mtupu, kwani baadhi yao hubeba virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Aking'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo.

Kinyesi kikavu nacho usikifagie kikiwa vumbi, maana huweza kuwa na kuvu wanaodhuru mapafu. Kinyunyizie maji na ufunike pua na mdomo. Sisi hukifukia kwenye matuta ya mchicha.