Kupiga Debian kwa PXE: diski isifutwe bila ruhusa yako

Nilipopewa kompyuta 32 za maabara ya shule nizipige Debian (mfumo endeshi wa aina ya Linux), nilianza na flashi tatu. Kila mashine ilinitaka nikae mbele yake: lugha, saa, nywila, kukubali kugawa diski. Nilipomaliza ya kumi na moja nikaziweka flashi kando, nikajifunza PXE, njia ya kuwasha kompyuta kupitia mtandao. Zile 21 zilizobaki zikaisha mchana mmoja.

Kompyuta ikiwaka huomba anwani ya mtandao kwa DHCP (huduma inayogawa anwani), ikajibiwa anwani pamoja na jina la faili la kuwashia. Faili hilo hushushwa kwa TFTP (njia nyepesi ya kuhamisha mafaili), kisha kisimikaji, programu inayopiga Debian, hupanda na kusoma majibu yote kwenye faili la preseed. Programu ya dnsmasq kwenye kompyuta moja, ndiyo seva, inatosha kwa DHCP na TFTP. Kama ruta ndiyo inayogawa anwani, iache iendelee; dnsmasq iweke katika hali ya proksi, iongeze taarifa za kuwashia tu.

Sasa diski. Mimi nilifanya usimikaji uanze wenyewe kwa mashine yoyote itakayoomba. Jumatatu asubuhi mhasibu akawasha kompyuta yake, iliyokuwa imepangwa kutafuta mtandao kabla ya diski. Ikalipata faili langu, ikajifuta bila kuuliza mtu. Nakala ya mwisho ya hesabu zake ilikuwa ya siku nne nyuma. Nilikaa na yule mama siku nzima nikimsomea risiti, naye akiziingiza upya moja moja.

Tangu hapo, faili langu la default ndani ya pxelinux.cfg (folda ya maagizo ya kuwashia kwenye seva) linaiambia mashine kitu kimoja: endelea na diski yako. Mashine ninayotaka kuisimika naiandikia faili lake, jina likianza na 01- halafu anwani ya MAC (namba ya kadi yake ya mtandao), herufi ndogo, vistari katikati. Mwishoni mwa preseed, late_command (amri ya mwisho ya usimikaji) inaiita seva kwa programu ya wget, na seva inalifuta faili hilo. Bila hivyo mashine itamaliza, itajiwasha upya, na kuanza kujisimika tena.

Zangu zilikuwa za BIOS, mfumo wa zamani wa kuwashia kompyuta. Za UEFI, mfumo mpya, hazitumii faili la kuwashia la pxelinux.0, zipe la GRUB.

Jina la diski /dev/sda nalo lisikudanganye. Flashi iliyosahaulika nyuma ya kompyuta inaweza kulichukua, na diski ya NVMe huitwa /dev/nvme0n1. Chomoa kila kitu kwanza. Nywila usiiandike wazi, kwa sababu yeyote aliye kwenye mtandao huo anaweza kulisoma faili la preseed. Weka iliyofumbwa, kisha ibadilishe baada ya kazi.

Kwa sisi tunaonunua bando, weka apt-cacher-ng, programu inayotunza nakala za vifurushi vya Debian, kwenye seva, mlango (port) 3142. Kifurushi kinashuka kutoka intaneti mara moja, mashine nyingine zote zinakichukua hapo hapo chumbani.

Na kabla ya kuchomeka kebo kwenye swichi ya ofisi, jaribu kwanza kwenye swichi ya peke yake, na mashine moja isiyo na kitu cha mtu.