Anti, mzee ninayemhudumia ananiita Kenton!

*Anti shikamoo. Mi ni kijana wa miaka 41, natokea Kibosho, kwa sasa niko Leicester Uingereza nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Kwetu tumezaliwa wanne, mi ndo wa kwanza, mdogo wetu wa mwisho ndo kabaki nyumbani na mama, baba alishatangulia. Mwaka jana alikuja mtu mwenye hela anataka kihamba chetu, yaani lile shamba la nyumbani la migomba, pamoja na lile shamba la porini la mahindi, dogo akatupigia simu wote akasema tunauza, kila mtu anachukua chake. Nikafurahi, nikakopa huku, nikamwaga msingi wa nyumba yangu Kigamboni. Mwezi wa tatu dogo katuma meseji kwenye grupu la familia eti kabadili mawazo, hauzi tena. Basi, imeisha hiyo. Tangu siku hiyo siongei nae, grupu nimetoka, hela ya dawa za mama naipitishia kwa dada.*

*Sasa Anti kuna mzee namhudumia, ana miaka tisini na kitu, karibu kila siku saa moja jioni lazima asikilize tamthilia ya redio inaitwa The Archers, ukimsemesha anakunyamazisha kwa mkono. Siku moja nikamsimulia habari ya dogo, akacheka mpaka akapaliwa, akaniambia "wewe ni Kenton kabisa". Nimemsoma huyo Kenton mtandaoni sijapenda nilichokiona. Nimekasirika na mzee, nimekasirika na dogo. Nikae kimya hivi hivi au nimtafute? Mimi Kaka Mkubwa, Leicester.*

Marahaba mdogo wangu, kijana wa miaka 41.

Kwanza punguza hasira na huyo mzee, hajakutukana, na kama amekutukana basi kakutukana kama ndugu. Hiyo tamthilia kwao si mchezo wa kupitisha muda, ilianza kurushwa nchi nzima tarehe 1 Januari 1951 baada ya majaribio ya mwaka mmoja nyuma, kijiji chenyewe cha kubuni kinaitwa Ambridge, na lengo la mwanzo lilikuwa kuwafundisha wakulima wazalishe zaidi maana vita ilikuwa imeisha lakini chakula bado kinagawiwa kwa kadi. Wakaweka mambo ya mbolea na magonjwa ya ng'ombe mdomoni mwa familia moja, ya akina Archer, halafu ikawa kama inavyokuwaga siku zote, watu wakasahau mbolea wakabaki na ugomvi wa hiyo familia. Septemba 22 mwaka 1955 walimuua mhusika mmoja binti mbichi ndo kwanza kaolewa, Grace, alirudi kwenye zizi linalowaka moto kumwokoa farasi, na watu waliomboleza kama msiba wa kweli. Mzee wako piga hesabu, alikuwa kijana wa ishirini na kitu. Kaishi na hiyo familia muda mrefu kuliko alivyoishi na watu wengi wa damu yake.

Na sisi tulikuwa hivyo hivyo bana, usijifanye umesahau. Redio Tanzania walipoanza tamthilia yao ya Twende na Wakati mwaka 1993, yule Mkwaju dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu anayeteseka nyumbani, si mpaka wanaume wa mtaani wakaanza kuitwa Mkwaju? Aliyeitwa alikuwa anajua kaambiwa nini, hakuna haja ya kumchambulia. Mzee kafanya kitu kile kile, kakutafutia mtu anayemjua yeye.

Haya sasa Kenton. Wasomaji wengine hawamjui kwahiyo nivumilie niwaelezee kidogo. Mzee Phil Archer na mkewe Jill walikuwa na watoto wanne kama nyie, mapacha Shula na Kenton ndo wakubwa, akafuata David, halafu binti wa mwisho Elizabeth. Shamba linaitwa Brookfield, na likaishia mikononi kwa David na mkewe Ruth kwasababu wao ndo walibaki wakikamua ng'ombe, wakati Kenton kaenda zake baharini kwenye meli za mizigo, akafika mpaka Australia, kafungua biashara hii ikafa na ile ikafa, mwisho akaoa mama mwenye baa ya kijiji, Jolene, wakawa wanaiendesha pamoja. Mtu wa maneno matamu, kila mtu anampenda, hela haikai. Mwaka 2014 ikaja habari ya barabara kubwa itakayokata Brookfield katikati, akatokea mnunuzi tajiri, na huko kaskazini mama yake Ruth anazeeka anahitaji mtu, basi David na Ruth wakatangaza tunauza tunahamia kwa mama. Kenton akasikia fungu lake linakuja, akaanza kutumia. Mwanzoni mwa 2015 David akaiangalia ile ardhi, ikamshinda, akasema hauzi.

Unaona sasa mzee alichocheka.

Kenton alinuna miezi na miezi, na mama yao Jill akakaa katikati ya watoto wake wawili wanaokwepana kijijini. Ila kuna kitu ambacho nataka ukishike maana nahisi wewe na mzee wote mmekiruka, yule mama mkwe wa kaskazini aliyekuwa sababu ya safari yote, walipoamua kubaki wakapanga wamlete yeye Brookfield, na mama wa watu akafia njiani siku anayoletwa. Walikuwa wamegombana mwaka mzima kuhusu shamba, bei, barabara, nani kamwahidi nani, na mtu mwenyewe hata siku moja hakulala kwenye nyumba aliyokuwa anaandaliwa.

Nakwambia hivi kwasababu barua yako nimeirudia, na mama yako umemtaja mara mbili tu. Mara ya kwanza ni mtu ambaye dogo kabaki nae, mara ya pili ni dawa. Hujaniambia yeye alisemaje kuhusu kuuza. Hujaniambia angeenda kuishi wapi. Na sijui kama mlimuuliza.

Hapo ndo nina ugomvi na wewe mdogo wangu, hiyo ya kutumia hela ambayo haijaingia ni ujinga wa kawaida ambao nusu ya Watanzania wenye viwanja Kigamboni wanao, ningekucheka kidogo yakaisha. Wewe ni Mchagga wa Kibosho, wa kwanza kuzaliwa. Hunidanganyi kwamba hujui kihamba cha baba kinabaki kwa nani. Mtoto wa mwisho ndo anakaa na wazazi, anawauguza, anawazika, na ile nyumba na ile migomba na kahawa vinakuwa mikononi mwake, wakubwa mnakuwa mmeshatafutiwa au mmeshajitafutia pengine. Baba yako kalala hapo hapo kwenye migomba, na babu yako bila shaka. Kwahiyo dogo alipopiga simu kusema "tunauza", alikuwa anawaambia anauza kitanda chake na cha mama na makaburi juu yake, na nyie wakubwa watatu mliopo mjini na Ulaya, hakuna hata mmoja aliyemuuliza wewe na mama mtalala wapi. Mliuliza bei. Wewe ulienda benki.

Nani ajuaye siku ile anapiga simu alikuwa na hali gani. Labda alikuwa na deni, labda kachoka kubaki, maana kubaki nako kunachosha jamani, mnamwona ana bahati kakalia mali kumbe yeye ndo anaamka saa nane usiku mama akikohoa. Inawezekana kabisa alitaka mmoja wenu aseme hapana, hasa wewe. Sina uhakika, mi sio dogo, lakini na wewe huna uhakika kwasababu hujamuuliza, ulisoma meseji ukatoka kwenye grupu.

Sasa nisije nikaonekana namtetea, na yeye ana lake. Kubadili mawazo ana haki, kubadili kwa meseji moja kwenye grupu wakati anajua kabisa wakubwa zake wameshaanza kujipanga, hiyo ni dharau au ni woga, na mi nadhani ni woga. David wa Brookfield nae ndo ugonjwa wake huo. Mwaka 2011 shemeji yake Nigel, mume wa Elizabeth, alianguka kutoka juu ya paa akafa, na aliyemshawishi wapande usiku ule wakati wa upepo alikuwa David, akakaa na siri hiyo moyoni, alipokuja kumwambia dada yake ikawa dada hataki hata kumwona kwa muda mrefu sana. Watu wanaobaki shambani sijui wana nini, wanaweza kubeba gunia lakini sio maneno matatu ya uso kwa uso.

Halafu kuna jambo jingine kavu kidogo ila la lazima. Mirathi ya baba mlifungua? Maana kama kikao cha ukoo hakikukaa kikaandika muhtasari, ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi, basi dogo hakuwa na cha kumuuzia huyo mwenye hela hata angetaka, na huyo mnunuzi angekuja kuwaburuza wote mabarazani. Yaani ahadi uliyokopea ilikuwa ya mtu asiye na mamlaka ya kuahidi. Usimlaumu peke yake, wewe ndo mkubwa, hilo la mirathi lilikuwa la kwako kulisimamia kabla hujapanda ndege.

Kwahiyo unauliza ukae kimya au umtafute. Mtafute, na usipitie kwa dada, dada mwache apumzike, ameshageuzwa posta. Piga simu mwenyewe Jumapili wakishatoka misa, na siku hiyo usigusie hela kabisa, ongea na mama kwanza, muulize yeye alitaka nini, halafu omba dogo apewe simu. Akikaa kimya na wewe kaa kimya humo humo kwenye simu mpaka mmoja aongee. Ukishindwa kabisa, mwambie tu mimi ni kaka yako nimekosea kutoka kwenye grupu. Hayo yanatosha kwa siku ya kwanza.

Deni la benki ni jambo la pembeni, litenganishe na kihamba kabisa, lisikae kwenye sentensi moja. Lile ni lako, umekopa wewe, msingi wa Kigamboni hauozi, utasimama hapo hata miaka mitano, ongeza zamu kidogo kama mwili unaruhusu, kama hauruhusu nenda benki kabla hujachelewesha marejesho, wakupangie upya. Shamba la porini ni suala tofauti, hilo halina kaburi wala kitanda cha mtu, mnaweza kulizungumza mkiwa wanne mezani pamoja na mama, mirathi ikishakaa sawa, na pengine mkaliuza au mkalikodisha na wewe ukapata cha kupunguzia. Ila lizungumzwe, asitokee mtu tena wa kutangaza kwenye simu.

Na Desemba nenda nyumbani. Najua nauli ya Krismasi ilivyo, najua na likizo za kazi yenu hiyo zinagombaniwa, omba mapema. Tafuta baba mdogo au mzee yeyote wa ukoo anayeheshimika, mwambie unataka kikao na unataka kwenda na jani la masale, lile la kuombea msamaha. Usinicheke, na usiniambie umeokoka, unajua vizuri kwamba Mchagga akiletewa sale na ndugu yake hairudishi. Umpelekee wewe mkubwa, ndio, wewe, hata kama roho inakwambia yeye ndo alianza. Yeye ataomba msamaha wake kwa ile meseji, akikawia wazee watamkumbusha, mbege ikishazunguka kidogo huwa wanakumbusha bila kuombwa.

Tena kabla ya hapo, leo leo, hela ya dawa ya mama tuma moja kwa moja kwenye namba ya dogo, usiandike chochote, itume tu.

Anti wako.