Kuitembelea Córdoba kwa Miguu Bila Mwongoza Watalii

Siku yangu ya kwanza Córdoba, mji wa kusini mwa Uhispania ulio kando ya mto Guadalquivir, niliiharibu kwa kukosea hesabu ya saa. Ilikuwa mwishoni mwa Juni. Nilijipumzisha chumbani tangu saa sita mchana hadi saa tisa nikiamini kwamba, kama ilivyo kwetu Unguja, jua lingekuwa limekwisha kuinama, kisha nikatoka na ramani ya simu na chupa ndogo ya maji. Kumbe Uhispania, ingawa iko magharibi kabisa mwa Ulaya, hutumia majira yaleyale ya saa ya Ujerumani, na wakati wa kiangazi saa hiyo husogezwa mbele tena, kwa hiyo jua hufika utosini karibu saa nane na nusu na joto hufikia kilele saa kumi na moja jioni au baada ya hapo. Nilikuta maduka yamefungwa na vichochoro vitupu, simu ikazimika kwa joto, nami nikabaki nimeegemea ukuta wa watu nikitafuta kivuli cha upana wa kiganja. Katika Julai na Agosti joto la mji huu hupita nyuzi 40 mara nyingi, na hakuna upepo wa bahari wa kukuonea huruma.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayetaka kutembea peke yake ni kuipanga safari kwa kufuata kivuli. Amka mapema, na saa moja asubuhi, jua linapochomoza, uwe umesimama upande wa kusini wa daraja la Warumi, penye mnara wa Calahorra. Daraja lenyewe lina matao 16 na limekarabatiwa mara nyingi mno hivi kwamba ni sehemu ndogo tu iliyobaki ya mikono ya Warumi, lakini ndilo mlango bora wa kuuingilia mji, kwa sababu unauona wote kabla haujakumeza: ukuta mrefu wa msikiti wa kale mbele yako, na kushoto, kando ya maji, gurudumu la Albolafia lililokuwa likiinua maji ya mto. Nyuma ya gurudumu hilo iko ngome iitwayo Alcázar, jina ambalo Mswahili hahitaji kutafsiriwa akishajua kwamba limetoka katika Kiarabu al-qasr, lililotupatia sisi neno kasri.

Ukivuka, nenda moja kwa moja Mezquita, yaani ule msikiti wa kale. Nilipokwenda mimi, kiingilio kilikuwa bure tangu saa mbili na nusu hadi saa tatu na nusu asubuhi, isipokuwa Jumapili, na saa hiyo moja ina thamani kuliko mchana mzima utakaolipia, kwa kuwa makundi ya watalii hayajafika na mwanga huingia ukiwa umelala. Usikimbilie mihrabu. Jengo hili lilikua kwa awamu, na ukilitembea kwa mpangilio wa umri wake utalisoma bila kuhitaji mtu wa kukueleza. Ukitoka katika ua wa michungwa unaingilia sehemu kongwe, iliyoanzwa na Abd al-Rahman wa Kwanza, mtawala Mwislamu wa mji huu, karibu mwaka 785. Tazama nguzo zake: hazifanani rangi wala vichwa, kwa sababu nyingi zilichukuliwa katika majengo ya Kirumi na ya Wavisigothi, watu walioitawala nchi hii kabla ya Waislamu, na kwa kuwa zilikuwa fupi, mafundi walipandisha matao mawili, moja juu ya jingine, ili dari ipate kimo. Songa kusini hadi upanuzi wa khalifa al-Hakam wa Pili, ulioanza miaka ya 960, ambako nguzo zimechongwa upya na kupangwa kwa kupokezana rangi, na ambako mihrabu inang'aa kwa vipande vya kioo na dhahabu vya ufundi wa Bizanti. Kisha geuka kushoto uingie sehemu ya waziri al-Mansur ya mwaka 987. Hapo inua macho kwenye matao: mistari myekundu, ambayo kwingine ni matofali halisi yaliyopishana na mawe, hapa imepakwa rangi tu juu ya jiwe. Mto ulizuia jengo kuendelea kusini, ndiyo maana al-Mansur alipanua ubavuni, na mihrabu ikapoteza nafasi yake ya katikati.

Kati ya msitu huo wa nguzo limejengwa kanisa lililoanzwa mwaka 1523. Mimi sikulipenda lilivyokatiza safu, ingawa nakiri kwamba viti vya wanakwaya vimechongwa kwa ustadi mkubwa. Msomaji Mwislamu ajue mapema kwamba mahali hapa ni kanisa la Kikatoliki tangu mfalme Mkristo Ferdinand wa Tatu alipouteka mji mwaka 1236, na walinzi hawaruhusu mtu kusali humo sala ya Kiislamu.

Baada ya hapo ingia mtaa wa Wayahudi, ambao kuta zake zimekaribiana kiasi cha kukupa kivuli hadi karibu saa saba. Sinagogi lake dogo ni la mwaka 1315. Karibu nalo utaikuta sanamu ya shaba ya Maimonides, mwanafalsafa wa Kiyahudi, mguu wake ukimeta kwa kuguswa na wageni, na nje ya lango la Almodóvar iko sanamu ya Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyezaliwa katika mji huu mwaka 1126. Wana hawa wawili wanaoenziwa leo walifia mbali, mmoja Misri, mwingine Marrakesh. Vaa viatu vya soli nene, kwani njia nyingi zimetandikwa kokoto za mtoni zinazochoma nyayo.

Toka tena saa mbili usiku, bado kukiwa na mwanga, uelekee mashariki kwenye nguzo za hekalu la Warumi na uwanja wa Corredera. Chakula cha jioni huanza saa tatu. Agiza salmorejo, supu baridi ya nyanya, mkate, kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Kwa kawaida hunyunyiziwa nyama ya nguruwe juu, basi asiyeila aseme «sin jamón» kabla sahani haijaletwa. Mabiringanya ya kukaanga yaliyomiminiwa asali ya miwa niliyarudia siku tatu.

Magofu ya Medina Azahara, mji wa kifalme ulioanzwa mwaka 936, yako kilomita 8 hivi nje ya mji, na hayaendeki kwa miguu katika joto hilo. Panda basi, tena usiende Jumatatu, siku ambayo magofu hayo, Alcázar na sinagogi vyote hufungwa.