Kioo cha gari kinajaa ukungu, nimwagie maji ya moto?

SWALI: Habari kaka, mi naishi Ngaramtoni, Arusha. Huu mwezi wa saba kila asubuhi kioo cha mbele kimejaa ukungu, nafuta kwa mkono nikifika barabarani umesharudi, juzi pale Sakina nilikosakosa kumgonga bodaboda. Afu mdogo wangu yuko Ujerumani anasema huko winta ni barafu kabisa, yeye anamwagia maji ya moto inayeyuka. Na mimi nimwage?

JIBU: Pole sana dada, hiyo ya bodaboda mshukuru Mungu. Maji ya moto usimwage, na huyo mdogo wako mwambie aache kabisa, kioo cha baridi kikipata moto ghafla upande mmoja unatanuka mwingine bado, kinapasuka, hasa kama kilishapigwa kajiwe. Na maji yenyewe yakipoa yanaganda tena.

Ya kwako siyo barafu, ni unyevu. Gusa kioo ujue ukungu uko nje au ndani. Ukiwa nje ni umande tu, piga waipa. Ukiwa ndani ni pumzi zenu na maji ya kwenye kapeti, viatu vya watoto vimetoka na tope la mvua vikalala humo humo, sasa hapo washa AC. Najua utashangaa AC na baridi hii, ila AC ndo inakausha hewa, iwashe pamoja na hita, elekeza upepo kwenye kioo, na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani zima ili iingie ya nje. AC kama ni mbovu shusha vioo kidogo. Mkono acha kufutia, unaacha mafuta na ukungu unazidi kushika, kisafishe kwa ndani na kitambaa safi na kapeti uanike juani.

Mdogo wako yeye jioni afunike kioo na boksi au shuka nzito, maana usiku usio na mawingu kioo kinapoa kuliko hewa, barafu inashika hata kipimo kikisema nyuzi 2 juu ya sifuri. Asubuhi apulizie spiriti sehemu 2 na maji sehemu 1, akwangue na plastiki siyo chuma, na waipa zikiwa zimegandia asiziwashe, mota inaweza kuungua. Kuliacha gari linaunguruma limesimama ili lipate moto, sheria ya kule inakataza. Na akwangue kioo chote jamani, siyo katundu ka kuchungulia.