Maswali ya Wasomaji: Boxer ya Mkononi na Mita Yake

SWALI: Nimeonyeshwa pikipiki ya Boxer BM 150 iliyosajiliwa miaka mitatu iliyopita. Mita inasoma kilomita 14,200. Muuzaji anaapa haijawahi kupiga boda wala kufunguliwa injini. Nitajuaje ukweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Anza na hesabu. Boda akitembea kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka mmoja unampitisha 30,000. Mtu wa kwenda kazini na kurudi, kilomita 15 kwa siku, kwa miaka mitatu anafika kama 14,000. Kwa hiyo namba hiyo inawezekana, ila kwa mtu wa aina hiyo tu.

Mita ya mshale kwenye Boxer huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Waya ukichomolewa, pikipiki inatembea na kilomita hazihesabiwi, wala hakuna aliyegusa mita. Iendeshe kidogo uone mshale unapanda na tarakimu ya mwisho inasogea. Kisha tazama nati ya waya pale gurudumuni: ikiwa ina alama mpya za koleo wakati nati za jirani zimeshikwa na kutu, muulize ilifunguliwa kwa nini. Hata waya ukiwa mzima leo, hujui mwaka jana ulikuwaje.

Ndiyo maana tunaamini zaidi mahali abiria anapokanyaga. Kwa pikipiki ya mtu binafsi, mifereji ya mpira huwa bado inaonekana. Ya boda imelainika, pengine chuma kimeanza kuchungulia upande wa nje. Angalia pia mpira wa gia na siti: siti mpya kabisa juu ya pikipiki ya kilomita 14,200 inahitaji maelezo.

Cheni ya saizi 428 ina pini kila milimita 12.7. Ivute ikaze, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 21: ikiwa nzima utapata milimita 254. Ikifika 259, imekwisha. Halafu jaribu kuivuta kutoka kwenye sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalozungushwa na cheni), upande wa nyuma kabisa. Nusu ya jino ikionekana, hapo pia cheni imekwisha. Kuna ujanja wa kufunga cheni mpya juu ya sproketi yenye meno yaliyopinda kama ndoano. Inang'aa siku ya mauzo, lakini sproketi hiyo itaila mapema, na utanunua seti nzima.

Injini iliyofunguliwa utaijua kwa bolti za kichwa cha silinda zenye vichwa vilivyolika na silikoni iliyofurika kwenye maungio. Kufunguliwa si kosa kama kazi ilifanywa vizuri. Kosa ni kuapa kwamba haijafunguliwa. Sisi tungechukua yenye 40,000 na oili iliyobadilishwa kwa wakati kuliko ya 14,000 iliyokunywa vumbi kupitia filta ya hewa iliyochanika, kwa sababu vumbi hilo husaga ringi za pistoni na silinda.

Jambo la mwisho: fika injini ikiwa baridi. Weka kiganja kwenye silinda kabla haijawashwa. Ukikuta ni ya moto, rudi kesho asubuhi, maana injini iliyochoka huwaka vizuri ikishapata moto.

SWALI: TVS HLX ninayotaka kununua inatoa moshi wa bluu ikiwashwa asubuhi, kisha unaisha. Fundi anasema ringi. Je, ni kweli?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Huenda si ringi. Moshi wa bluu unaotoka mwanzo tu kisha ukakoma mara nyingi ni sili za vali: oili huchuruzika usiku na kuungua unapowasha. Ringi zikichoka, moshi huongezeka pikipiki ikibeba mzigo au ikipanda mlima, na oili hupungua kila mara. Panda kilima na mtu nyuma, mwingine aangalie eksozi. Moshi mweusi ni habari nyingine: petroli inazidi hewa, anza na filta. Ila ukikuta oili ni nzito kuliko 20W-50, jihadhari. Ni njia ya kuficha moshi kwa siku chache.

SWALI: Muuzaji anasema kadi ya pikipiki iko kwa bosi wake, nitaipata nikishalipa.
Msomaji, Temeke

JIBU: Usilipe. Boda nyingi huendeshwa kwa mkataba, na kadi hubaki kwa mwenye mali hadi deni liishe, hivyo anayekuuzia huenda si mwenye haki ya kuuza. Mtake bosi mwenyewe aje na kadi. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu, chini ya usukani, na ile ya kadi, herufi kwa herufi, kisha namba ya injini. Ukikuta hapo pamepigwa msasa au kupakwa rangi upya, ondoka. Vikilingana, malipo na uhamisho wa umiliki TRA vifanyike siku hiyo hiyo, mwenye kadi akiwepo.