Kwa mkuu aliyelala kwenye sehemu ya pili ya Les Revenants

Mkuu mleta uzi, unasema rafiki yako alikuapia kwamba hii tamthilia ya Kifaransa itakunyima usingizi, ukaiwasha, na kufika sehemu ya pili ukawa unakoroma. Unauliza wanaoisifia wameona nini. Mimi nimemaliza misimu yote miwili, na ule wa kwanza nimeurudia, kwa hiyo acha nijibu. Uhondo sitaumwaga, nitagusa zaidi yale ya mwanzoni.

Tuelewane kwanza. Mizuka tuliyokua nayo kwenye filamu za Bongo na za Nigeria imepakwa unga usoni, na kinanda kinapiga yowe kabla haijatokea. Fabrice Gobert, aliyeiandaa hii kwa ajili ya Canal+, kituo cha televisheni cha Ufaransa, mwaka 2012 akiitoa kwenye filamu ya Robin Campillo ya 2004, hana habari na hayo. Wafu wake wanarudi wazima, nguo zao zilezile, hawana hata mchubuko, na hawajui kama walikufa. Wana njaa tu.

Hebu rudia pale Camille anapofika kwao. Binti wa miaka 15, basi la shule lilitumbukia bondeni miaka minne iliyopita akafa humo. Anaingia usiku na kwenda moja kwa moja kwenye friji, anatoa chakula, anaanza kula. Mama yake, Claire, anasikia vishindo jikoni, anashuka, anamkuta. Hapigi kelele wala hazimii. Binti anaongea kama mtoto aliyechelewa kurudi na anajua atagombezwa, na mama anaitikia hivyohivyo, kwa sauti ndogo, huku uso wake ukifanya mambo mengine kabisa. Kamera inamwachia nafasi. Mwongozaji mwenye haraka angekata hapo akatuletea radi.

Nilikuwa sebuleni na mama mdogo siku hiyo. Kifaransa hajui, na yale maandishi ya Kiingereza ya chini hayafuatilii kwa kasi yake. Nikajiandaa kumtafsiria, akaninyamazisha kwa mkono. Baadaye kidogo akasema, "Huyu mama anaogopa akitamka neno, mtoto ataondoka tena." Sikuwa na cha kuongeza. Mtu asiyeelewa hata neno moja alikuwa ameshaisoma familia nzima, na aliweza kwa sababu alipewa muda wa kutazama sura za watu.

Ndiyo maana naona unaitazama ukisubiri kitu ambacho hakiji. Wewe unangoja wafu wafanye jambo, na tamthilia inawaangalia walio hai. Camille ana pacha, Léna. Amerudi na miaka yake 15, pacha wake sasa ana 19. Baba na mama walishaachana. Mama ameshika dini, kwake hili ni jibu la sala; baba anamwangalia mwanawe kwa hofu na haya. Tazama tu wanavyokaa, nani anasogea na nani anarudi nyuma.

Au chukua Adèle. Mchumba wake Simon alikufa siku ya harusi yao, miaka kumi imepita, amelea binti peke yake na sasa anakaribia kuolewa na mwanamume mwingine, tena kapteni wa jandarmeri, yaani polisi wa kijeshi wa Ufaransa. Halafu Simon anagonga mlango. Umlaumu nani hapo? Tulishalia, tukaanua tanga, kitanda tukampa mtu mwingine, kisha mwenye kitanda karudi anauliza kulikoni. Hilo linaniogopesha kuliko jini lolote, na huwezi kulieleza kwa kukimbizana.

Kuhusu mandhari: mji wenyewe hautajwi jina, lakini walipiga picha Annecy na maeneo ya jirani katika milima ya Alps, na ule ukuta mkubwa wa bwawa ni wa Tignes. Una kimo cha mita 180. Ulipojengwa, kijiji cha zamani cha Tignes kilizamishwa, mwaka 1952. Sasa rudi kwenye hadithi: maji ya bwawa yanashuka na wahandisi hawajui yanakwenda wapi, umeme unakatika ovyo (sisi hapa tungesema ni mgawo tu, tukawasha mshumaa). Mimi nilipojua kwamba chini ya maji yale kuna kijiji kweli, kila walipoonyesha kina kikipungua nilikaa vizuri kwenye kochi.

Muziki usiupite. Ni wa Mogwai, bendi ya Glasgow, na sehemu kubwa waliutunga kabla ya kamera kuwashwa. Kwa hiyo haupo kukushtua, mara nyingi unatangulia tukio au unaendelea wakati watu wamekaa kimya. Kwenye spika za simu hutausikia. Tafuta hedifoni.

Ushauri wangu basi: sehemu moja kwa usiku, simu iache chumbani, na ukikutana na iliyoingizwa sauti za lugha nyingine, ipite, maana sauti za kuingizwa haziendani na sura. Msimu wa kwanza ni sehemu nane tu. Ukifika ya nne na bado hujali yule mtoto Victor, anayekaa kimya nyumbani kwa nesi Julie akimkodolea macho, achana nayo bila aibu, si lazima kila mtu aipende.

Mdau mmoja hapo juu kasema ilipewa Emmy ya Kimataifa kwa hiyo lazima iwe nzuri. Ni kweli iliipata, 2013, tamthilia bora. Lakini tuzo hazimzuii mtu kusinzia, na wala si sababu yangu mimi.

Na nisikufiche kasoro. Msimu wa pili ulichelewa mpaka 2015, na huko ukimya wakati mwingine unakuwa wa kukwepa majibu. Nilimaliza nikiwa na maswali ambayo naamini hata waandishi hawakuwa nayo majawabu. Kuna pia toleo la Kimarekani la 2015, The Returned, lililofutwa baada ya msimu mmoja. Mwanzo wake unafuata ule wa Kifaransa karibu hatua kwa hatua, kwa hiyo ukianza nalo utakuwa umejiharibia ile ya jikoni.